Kwenda Ras Kigomasha na kupanda mnara wake wa taa: mwongozo wa safari ya siku moja

Maswali ni yale yale kila msimu. Gari inafika? Mnara hufunguliwa? Tutakula wapi? Watoto waje? Kurudi je? Wanaouliza ni watu wa Dar es Salaam, wa Mombasa, hata wa Unguja ambao Pemba wanaijua kwa karafuu tu. Nimeyajibu hapa kwa kufuata siku yenyewe ilivyo, tangu unapoamka Chake Chake au Wete mpaka unaporudi.

Kigomasha ni ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, katika shehia ya Makangale, Wilaya ya Micheweni. Mnara wa taa umesimama pale tangu mwaka 1900, zama za Waingereza. Magharibi yake upo Mkondo wa Pemba, bahari inayokitenga kisiwa na bara, wenye kina kinachopita mita 800, na mashariki ni bahari kuu. Nyuma yake, ukiutenga na miji, umelala Msitu wa Ngezi. Hapana muziki, hapana safu ya mahoteli, hapana wauza vinyago. Ukitaka shamrashamra nenda Nungwi, ambako nako mnara wa taa upo. Kigomasha ni ya mtu anayetaka kusikia bahari.

Kitu kimoja ndicho kinachoamua kama siku yako itakuwa nzuri au mbovu: safari hii hupangwa kwa maji kwanza, saa baadaye. Wengi hupanga kwa nafasi ya likizo, wakafika mchana maji yamejaa, mchanga wote umefunikwa, wakarudi wakisema hapana kitu cha kuona. Kwa hiyo kabla ya begi, tuanze na maji.

Kupiga hesabu ya maji

Huhitaji programu ya simu, ingawa ukiwa na jedwali la maji ni bora zaidi. Unahitaji kujua mwezi ni wa ngapi, yaani tarehe ngapi kwa hesabu ya Kiislamu, na hilo muulize mtu yeyote Pemba atakwambia.

Mwezi mosi na mwezi 15, maji ni ya bamvu: hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo kupwa huangukia karibu saa 4 asubuhi, na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Basi mwezi 3 au mwezi 17 kupwa ni karibu saa 5 na dakika 40. Ukifika mwezi 8 au 22, kupwa kumesogea mpaka karibu saa 10 jioni, na maji yenyewe ni mafu, hayatoki mbali wala hayajai sana.

Siku nzuri za Kigomasha, kwa maoni yangu, ni kuanzia mwezi 13 hadi 17, na kuanzia mwezi 28 hadi mwezi 3. Unapata asubuhi nzima ya mchanga mtupu, na jioni maji yamejaa rangi zote za buluu, tayari kutazamwa kutoka juu ya mnara. Hesabu hii ni ya kukadiria. Wavuvi wa pale wakikwambia tofauti, wafuate wao.

Kuhusu majira: Juni hadi Oktoba hakuna joto kali na mvua ni chache. Januari na Februari jua ni kali, lakini siku huwa angavu. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, sikushauri. Njia za msituni na mashambani huwa matope, na bodaboda hutelezea pale pale unapodhani pamekauka. Upepo nao una neno lake. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, pwani ya mashariki huchafuka, lakini upande wa magharibi hubaki umetulia.

Vitu vya kuwa navyo

Kitambulisho, anayetoka nje ya Tanzania awe na pasipoti. Pesa taslimu, tena noti ndogo ndogo, maana ukishaiacha Konde, mji wa mwisho njiani, usitarajie kumkuta mtu wa kukuchenjia. Maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu. Chakula cha mchana. Kofia au mtandio. Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu: ndara zinatosha mchangani, lakini kwenye majabali ya matumbawe hukatika, na mguu wako ndio unaofuata. Tochi. Simu iliyojaa chaji, na mfuko wa kuirudishia taka zako.

Nguo nazo ni kitu cha kuandaa. Makangale ni kijiji cha Waislamu na watu wake wanajistahi. Mwanamke awe na kanga ya kujifunga juu ya nguo ya kuogea, mwanamume asipite kijijini kifua wazi. Hakuna atakayekufokea, lakini utaona watu wanatazama chini, na hapo tayari umewakosea.

Hatua kwa hatua

1. Lala Pemba usiku wa kuamkia safari. Kufika asubuhi kutoka Unguja na kutaka kuwahi Kigomasha siku hiyo hiyo ni kujitesa. Kwa ndege kutoka Unguja hadi uwanja wa Chake Chake ni kama nusu saa. Kwa bahari, boti za kasi huchukua saa chache na meli za usiku hulala njiani. Ukitua bandari ya Mkoani, daladala za Chake Chake zipo hapo hapo.

   Tahadhari: usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama tiketi umeshalipa na wenzako wote wamepanda. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikitoka Unguja kuja Pemba, imebeba watu zaidi ya uwezo wake, na nyumba nyingi za huku bado zina wa kuwaombea dua. Vivyo hivyo usikubali kuvushwa Mkondo wa Pemba na chombo kidogo cha uvuvi kutoka bara kwa sababu ni rahisi.

2. Ondoka mapema kwenda Konde. Daladala za Konde zinatoka Chake Chake na pia Wete. Lenga gari ya alfajiri, mara baada ya sala, ili saa 2 uwe umeshafika. Njia inapita vilimani kwenye mikarafuu, na msimu wa mavuno utaona majamvi yametandazwa kando ya barabara, karafuu za kijani na wekundu zikigeuka kahawia kwa jua. Ukishuka kupiga picha, usikanyage jamvi wala usilivuke. Hayo ni mapato ya nyumba nzima yamelazwa pale. Na usinunue karafuu mitaani kwa wingi ukaondoka nazo: biashara ya zao hili iko chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na ukaguzi upo.

3. Kunywa chai Konde na ununue chakula chako hapo. Konde ndiyo mji wa mwisho wenye soko. Chapati, mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga, pweza, ndizi, machungwa kwa msimu wake. Funga cha mchana kabisa. Vumawimbi, pwani utakayoanza nayo, hapana duka, na kutegemea kwamba utakuta mtu anauza dafu ni kucheza na njaa ya watoto.

4. Panga gari ya kwenda na kurudi, hapo hapo Konde. Hili ndilo kosa namba moja la wageni: wanapanga kwenda, kurudi wanaliachia Mungu. Kupita Konde magari ya abiria ni machache na jioni hupungua zaidi. Chukua bodaboda, au kama mko wengi kodini gari, na mpatane kwa maneno kamili: mnakwenda Vumawimbi, kisha mnarani, dereva atasubiri au atarudi saa ngapi, na bei ni ya safari yote. Mpe nusu, nusu akikurudisha. Chukua namba yake ya simu, na umpigie hapo hapo ili uone inaita.

5. Simama kwenye lango la Msitu wa Ngezi. Njia ya kwenda Kigomasha inapita ndani ya msitu, na pale langoni kuna ofisi. Ukitaka kutembea kwenye njia za msituni unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Dai risiti. Kama una muda wa saa moja tu, toa hiyo saa. Ngezi ni kipande cha msitu mkubwa wa asili uliobaki Pemba, una mivule ya kale na mpapindi, mnazi mwembamba wa porini unaoota Pemba peke yake. Angalia juu ya miti: popo wa Pemba, wale wakubwa wenye manyoya mekundu ya kahawia, hawapatikani kwingine duniani. Ninga wa kijani wa Pemba, chozi wa Pemba na bundi wa Pemba nao ni wa kisiwa hiki tu. Kima punju utakaowaona si wenyeji, waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

   Ila angalia saa. Kama kupwa ni saa 4, pita moja kwa moja, msitu uuache kwa kurudi. Na ukikuta mahali pamefungwa vitambaa, pana vyetezo au vyakula vimewekwa chini ya mti au pangoni, hapo ni mzimu wa watu. Usiguse, usipige picha, pita.

6. Fika Makangale, salimia kwanza. Ukitoka msituni unapita mashamba ya mipira, kisha nyumba. Mwambie dereva asimame kwa wazee walioketi barazani. "Assalaam alaykum," kisha "Shikamoo mzee," kisha ndipo useme unakwenda wapi. Waulize mambo mawili: maji leo yanapwa saa ngapi, na mtunza mnara yupo? Kwa maswali hayo mawili utaokoa nusu ya siku. Kama mko kundi kubwa, au mnataka kulala pwani, kaonaneni na sheha, kiongozi wa shehia. Huo ndio utaratibu wa hapa.

7. Anza na Vumawimbi, maji yakiwa yanatoka. Hii ni pwani ya mashariki ya rasi, mchanga mweupe ulionyooka mpaka macho yachoke, na mara nyingi mtu pekee utakayemwona ni mvuvi anayetengeneza mtumbwi wake. Hapa ndipo pa kuogelea, ndani ya maji ya kina kidogo. Tembea kuelekea kaskazini, upande wa ncha, ukifuata mstari wa maji. Mchanga uliotoka tu kufunuliwa ni mgumu, mguu hauzami. Tazama kwenye vidimbwi vilivyobaki mwambani: kaa wadogo, samaki wa rangi, viti vya pweza (viumbe vyenye umbo la nyota). Usiokote makombe yenye kiumbe hai ndani, na miba mirefu myeusi ukiiona ndani ya maji usiweke mguu. Ukikuta kamba na vijiti vya mwani, zunguka. Ni shamba la mtu.

   Tahadhari kubwa: maji yakianza kurudi, nawe rudi. Wakati wa bamvu yanakuja haraka, na karibu na ncha ya rasi mwamba umechongoka mpaka baharini, hakuna mchanga wa kukimbilia. Usiseme "tumalizie kona ile tu". Weka saa: muda wa kupwa ukitimia, geuza, hata kama hujafika ulikotaka.

   Tahadhari nyingine: usiogelee kwenye ncha yenyewe. Pale bahari kuu inakutana na Mkondo wa Pemba, na maji ya mkondo huenda kaskazini kwa nguvu, hasa wakati wa kusi. Juu yanaonekana yametulia. Waogeleaji hodari wanapelekwa vile vile.

8. Mchana pumzika upande wa magharibi. Saa 6 hadi saa 9 jua la Kigomasha halina mchezo. Hamia Verani, pwani ya magharibi, tafuta kivuli cha miti, kuleni, anayesali asali, watoto walale. Huku bahari inaingia kina kirefu mapema kuliko Vumawimbi, basi mtoto asiachwe peke yake majini hata dakika moja. Ipo hoteli ya kitalii upande huu. Bahari haina mwenyewe, lakini viti na vivuli vya hoteli vina wenyewe, kaa pembeni.

9. Panda mnara baada ya alasiri. Jua likiwa limeinama, mwanga unaangukia bahari ya mkondo na huku msitu ukiwa nyuma yako. Mnara ni mali ya serikali na una mtu anayeutunza. Usipande bila yeye, hata ukikuta mlango wazi. Jitambulishe, uliza kama leo inawezekana, na uliza gharama kabla ya kupanda. Akisema hapana, ni hapana, kuna siku kazi ya taa inamzuia mgeni. Akikupandisha na kukueleza mambo, mshukuru kwa kitu mkononi.

   Ngazi ni nyembamba na zimesimama, zinazunguka ndani ya mnara. Mabegi yabaki chini. Panda wachache kwa zamu, aliyeanza kushuka apewe njia. Chuma cha kushikia kina chumvi ya bahari, kinanata mkononi, na jasho likichanganyika nayo kinateleza, kwa hiyo jifute viganja kabla ya kushuka. Kushuka, geuka uso uutazame ukuta kama unavyoshuka mnazi, usishuke kama ngazi za nyumbani. Mjamzito, mwenye kizunguzungu, na mtoto asiyeweza kujishika mwenyewe wabaki chini. Kutoka chini napo panapendeza.

   Juu, usiguse vioo vya taa wala kitu chochote cha taa. Alama ya vidole kwako ni mchezo, lakini kuna nahodha wa jahazi anayeitafuta taa hiyo usiku. Simu ishike kwa mikono miwili, upepo wa juu si wa chini. Halafu acha kupiga picha kidogo, utazame: kushoto rangi nzito ya mkondo, kulia weupe wa mwamba wa Vumawimbi chini ya maji, na mahali pa kukutana kwake, mbele ya ncha, mstari wa mapovu usiotulia. Ndio huo niliokukataza kuogelea. Kutoka juu utaelewa kwa nini mnara ukajengwa hapa.

10. Ondoka kwa wakati. Jua la Pemba huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 kutegemea mwezi, na giza halichelewi. Una njia mbili tu. Ama uondoke saa 11 uwahi gari za Konde, au ubaki mpaka machweo ukiwa na dereva wako amesimama pale unamwona kwa macho. Njia ya tatu, ya kubaki kisha kutafuta gari, haipo. Anayerudi jioni na dereva wake asipige honi akifika msituni, akitulia kidogo huenda akamsikia bundi wa Pemba.

Siku za kuepuka

Ijumaa mchana, kati ya saa 6 na saa 8, watu wako msikitini. Gari hupungua na maduka hufungwa. Nenda mapema au chagua siku nyingine. Ramadhani safari inawezekana, lakini usile wala kunywa mbele za watu, na chakula kiandae usiku kwa sababu mchana mikahawa ya Konde hutaikuta wazi. Watoto na wagonjwa wanaruhusiwa kula, wale ndani ya gari.

Mambo yakienda kombo

*Mtunza mnara hayupo.* Rudi kijijini uulize, usikae chini ya mnara ukipiga kelele. Mara nyingi yuko karibu, shambani au msikitini. Hata asipopatikana, nyuma ya mnara kuna mahali pa kuitazama bahari, na Verani ipo.

*Dereva hatokei na simu haishiki.* Msituni na pwani mtandao si wa kutegemea. Sogea kwenye nyumba za Makangale ukiwa bado na mwanga, mweleze mtu mzima. Kijana mwenye pikipiki atapatikana. Usianze kuupita msitu kwa miguu jioni.

*Umefika maji yamejaa.* Badilisha mpangilio: anza na msitu na mnara, pwani uiweke mwisho. Kama ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, utaogelea saa yoyote.

*Maji yamekuzingira upande wa ncha.* Usijaribu kuyavuka kwa kuogelea ukiizunguka rasi. Panda juu ya mwamba kwa viatu vyako mahali palipo na vichaka, elekea ndani ya nchi kavu, fuata njia za wavuvi mpaka uukute mnara au nyumba. Ikiwa hapapandiki, kaa mahali pa juu kabisa palipokauka, pasipo na majani ya bahari wala unyevu, piga kelele, subiri.

*Umechomwa na miba ya bahari.* Toka majini, toa iliyo juu kwa kibano, usiikamue. Loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachovumilia, kisha nenda kituo cha afya ukifika Konde. Yavuyavu likikuunguza, suuza kwa maji ya bahari, si ya kunywa, na usisugue na mchanga. Pumzi ikibana au uso ukivimba, usisubiri, gari iondoke hapo hapo kwenda hospitali.

*Mtu amekuomba pesa ya "kiingilio cha pwani" bila risiti.* Usigombane. Mwambie kwa upole kwamba utalipa mbele ya sheha. Kama malipo ni halali mtakwenda wote, kama si halali mazungumzo yataishia hapo.

*Unataka kurusha droni.* Inahitaji kibali kabla hujaja Pemba. Bila kibali iache nyumbani.

*Mvua imenyesha usiku kucha.* Piga simu kwa dereva wa Konde asubuhi, kabla hujatoka Chake Chake. Akisema njia haipitiki, mwamini. Siku hiyo nenda Tumbe ukaone mnada wa samaki, au magofu ya Chwaka yaliyo jirani yake, na Kigomasha uisogeze kesho. Kumbuka tu kuongeza dakika zako 50.